Lundo kwenye Kona ya Kanisa

Nyumba ya Wazee, Kivela, Michigan
12 Februari 2009

Mpwa wangu Lorna,

Kuna jambo nimekuficha tangu mama yako alipofariki. Lile lundo la theluji kwenye kona ya kanisa, lililomzuia baba yako kuona barabara siku ya ajali, halikuwekwa na gari la kaunti la kuondoa theluji kama nilivyokuacha uamini. Nililijenga mimi.

Sijui nani alikuambia habari ya gari la kaunti. Nilikuwepo mezani uliposema hivyo siku ya maziko, nikakumiminia kahawa. Watu wa Kivela wanajua lilikuwa lundo la nani, lakini unawafahamu. Niliwafundisha wao na watoto wao, na hawawezi kumwambia mpwa wa mwalimu mkuu jambo ambalo mwalimu mkuu mwenyewe hajalisema. Walinyamaza kwa heshima, nami nikaikalia heshima yao kama kiti.

Naandika kwa mkono kwa sababu masikio yangu hayafai tena kwa simu. Daktari amenizungusha kwa maneno mengi, lakini nilichoelewa ni kwamba moyo huu hautafika mbali. Usinihurumie. Nakutajia ujue kwa nini sasa.

Uliondoka hapa kabla sijanunua trekta, kwa hiyo nikueleze. Nilipostaafu nilijitolea kusafisha uwanja wa kanisa wakati wa baridi. Jembe la kawaida la theluji huitupa pembeni njia nzima. Mimi nilitaka kitu bora zaidi, nikafunga mbele ya trekta lile sanduku la chuma la kusukumia, lenye ukuta wa nyuma na kuta mbili za ubavuni, na chini ukingo wa mpira unaolamba lami bila kuikwaruza. Sanduku halitupi kitu pembeni. Kila linachokikuta hukichukua mbele, likajaa, likasukuma, mpaka pale dereva anapoamua kukiacha. Kwa hiyo anayeendesha sanduku hawezi kusema theluji ilikwenda yenyewe mahali fulani. Aliipeleka yeye.

Niliipeleka kwenye kona, karibu na barabara kuu. Lundo likakua mpaka Waino Ruona, mtunza kanisa, akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, hilo lundo lako likiongezeka kidogo tu, mchungaji atalibatiza." Baba yako naye, mkasi mkononi na kichwa changu mbele yake, kinyozi yule mwenye mdomo, akaniuliza, "Shemeji, hivi theluji unaisukuma au unaifuga?" Duka zima la kinyozi likaangua kicheko. Nilicheka pia.

Unajua huku kwetu mtu mzima hakaripiwi, anataniwa. Walikuwa wananionya, tena kwa sauti, na mimi niliyewafundisha kusoma sikusoma nilichoambiwa.

Baba yako amebeba lawama yangu Duluth kwa miaka yote hii. Nakuomba umwandikie. Nakuomba umwalike kwenye harusi ya Kaisa. Ni mjukuu wake.

Mjomba wako,
Onni Rautiola


Tucson, Arizona
23 Februari 2009

Mjomba mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mume wangu akauliza nani amefariki. Nikamwambia hajafariki mtu, ni mjomba anajaribu kufa kama mtakatifu.

Usikasirike. Nakufahamu vizuri. Wewe ndiye uliyenifundisha Kilatini mezani kwa bibi wakati wasichana wenzangu wanateleza na sleji kwenye theluji mlimani. Nilipokuwa silali baada ya maziko, wewe ndiye uliyeniandikia kila wiki, na hakuna hata barua moja uliyomtaja baba kwa ubaya. Sasa umeona muda umebaki kidogo, unataka kusawazisha mizani, ukatafuta kosa la kujitwisha. Umepata lundo.

Sawa, sikujua ni lako. Nimeshangaa kidogo, sitakuficha. Lakini Mjomba, nimekulia Kivela. Kuanzia Desemba mji mzima ni malundo. Kila kona imeziba, kila mtu anajua imeziba, na kila mwenye akili hushusha kioo, husogea kidogo kidogo, husikiliza, ndipo atoke. Mama alinifundisha hivyo kabla miguu yangu haijafika vizuri kwenye pedali.

Baba alikuwa akiendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Unakumbuka mama alivyokuwa akimwambia? "Rudy, punguza, tulishafika jana." Sote tulicheka. Gari lao halikuwa hata na ule ufito wa bendera. Kila gari la Kivela hufungiwa ufito mbele, na kitambaa cha rangi ya chungwa juu, lionekane likiwa nyuma ya theluji. Lake halikuwa nao. Niliona picha za polisi.

Kaburini nilimuuliza swali moja. "Baba, ulisimama?" Akatazama viatu vyake. Akasema, "Nilitoka tu." Nilitoka tu! Kama mtu aliyetoka kwenda kuchukua gazeti. Mama yangu yuko ndani ya sanduku, yeye anasema alitoka tu.

Kwa hiyo asante, lakini hapana.

Nikupe habari nzuri. Kaisa amekataa kuolewa huku kwenye joto. Anataka kanisa la bibi yake, Juni, na kahawa chini kwenye chumba cha chini, na mkate wa iliki kama aliokuwa akioka mama. Tunakuja wote. Katika ibada kuna kiti cha mbele cha babu wa bibi harusi, na Kaisa amesema mwenyewe, bila mimi kumwambia, kwamba kiti hicho ni chako. Utavaa ile suti ya kijivu. Tutakusukuma na kiti chako cha magurudumu mpaka mbele.

Kula vizuri. Waambie wauguzi wasikupe kahawa ya maji.

Mpwa wako,
Lorna


Kivela
4 Machi 2009

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Kila nikifika kwenye suti ya kijivu naikunja.

Tuanze na ufito. Ulikuwepo. Baba yako aliufunga yeye mwenyewe tangu theluji ya kwanza, na mama yako ndiye aliyeshona kitambaa. Haukuonekana kwenye picha kwa sababu ulikatika. Niliuona umelala kwenye theluji, kitambaa kikiwa kimegeuzwa juu. Ufito ulikuwa mrefu kama wa kila mtu, Lorna. Lundo langu lilikuwa refu kuliko ufito.

Umesema mji mzima ni malundo. Ni kweli, lakini hayalingani. Theluji ya huku haiyeyuki mpaka Mei, kwa hiyo kila mwenye trekta anajua kanuni moja, hata asiyejua nyingine yoyote: theluji ya kwanza hupelekwa mbali kabisa. Novemba unaisukuma mpaka mwisho wa uwanja, hata kama ni kidogo na unaona unapoteza mafuta, ili Januari uwe na mahali pa kuweka nyingine na Februari nyingine tena. Anayeiacha karibu mwezi wa Novemba ameshajifungia mlango.

Mwisho wa uwanja wa kanisa ni kule kwenye ukuta wa makaburi. Kuna mteremko. Mwaka wa kwanza nilikwenda mpaka kule, sanduku limejaa, nikalikunja kona huku limebeba, jambo ambalo halifanywi. Uzito ukaivuta trekta, ikateleza, ikakwama mtaroni imeinama upande kama ng'ombe mgonjwa. Ilikuwa Jumapili. Watu wote walikuwa chini wakinywa kahawa, na madirisha ya chumba kile, unakumbuka, yanatazama kule kule. Waino akaja na mnyororo. Akiwa anaufunga akasema, si kwa ubaya, "Leo Mwalimu kapata sifuri." Niligeuka nikaona nyuso zimejaa kwenye vioo. Mmoja alikuwa Arne Maki, niliyewahi kumrudisha darasa kwa hesabu. Alinipigia makofi.

Basi sikurudi tena kule. Huo ndio ukweli wenyewe. Mwaka uliofuata, na ule uliofuata, niliisukuma theluji upande wa barabara, ambako ni tambarare na hakuna dirisha. Nilipoulizwa nilisema mteremko unaharibu gia. Niliposukuma nilifika kwenye lundo, nikainua sanduku taratibu huku naendelea kusonga, theluji ikapanda juu ya theluji, na lundo likawa na mgongo kama kilima. Nilijivunia ulivyokuwa umenyooka. Mama yako alikufa nyuma ya mgongo ule kwa sababu mimi sikutaka kuchekwa na Arne Maki.

Huwezi kuniweka kwenye kiti cha mbele. Mweke anayestahili.

Yapo mengine, lakini mkono umechoka na muuguzi anazima taa.

Mjomba wako,
Onni


Duluth, Minnesota
14 Machi 2009

Shemeji,

Nimepata bahasha kutoka kwa binti yangu. Niliiweka mezani siku nzima bila kuifungua, nikawa naipitia pembeni kama unavyompitia mbwa usiyemjua. Nilipofungua nikakuta nakala za barua zako mbili, na karatasi yake ndogo imeandikwa, "Haya ni kweli?" Hakuandika Baba. Hakuandika hata jina. Lakini ni mwandiko wake, ile y yake yenye mkia mrefu. Nimeibandika kwenye friji.

Sasa nisikilize, maana nakufahamu, ukianza kusahihisha daftari huachi mpaka ukurasa wa mwisho.

Umesema la lundo. Limetosha, tena limezidi. Usije ukamwambia habari ya mkono. Mimi sikuisema kwa polisi, sikuisema kaburini, na sitaisema. Ulipunga mkono, nikatoka. Wewe uko juu ya trekta, uliangalia, ukaona kile kile ambacho ningekiona mimi, weupe mtupu. Ziwa lilikuwa linatupulizia theluji usoni siku ile, hata mnara wa kanisa haukuonekana. Lori lilitokea ndani ya ule weupe. Macho yako yalikosea, na mtu hawezi kumlaumu mwenzake kwa macho. Mimi sijakulaumu hata siku moja, Onni, na Mungu anajua nilikuwa na muda wa kutosha.

Helmi wangu alikuwa na kaka mmoja tu. Alikuwa akikutaja kila siku, Onni kasema hivi, Onni kasoma vile, mpaka nikamwambia basi angeolewa na ensaiklopidia. Nilipokuwa nimekaa kwenye theluji na kichwa chake mapajani nilifikiria, binti yetu tayari amempoteza mama. Nikimwambia na hili, atampoteza na mjomba. Mimi kinyozi, watu wameshazoea kuniona mpuuzi. Wewe hujazoea.

Kwa hiyo nimemjibu Lorna hivi: "Mjomba wako ni mzee, mwache apumzike. Nilitoka mwenyewe." Nawe usinifanye mwongo.

Nani anakukata nywele huko? Usiwaruhusu wakupitishie mashine, utafanana na yai. Shingo yako inataka mkasi.

Rudy


Tucson
20 Machi 2009

Mjomba,

Nilifanya jambo ambalo sikudhani nitalifanya. Nilimwandikia.

Barua yako ya pili ilinichanganya. Nilikaa na ule ufito kichwani siku kadhaa, na kitambaa alichoshona mama. Nikatoa nakala nikampelekea, nikamuuliza kama ni kweli. Nilikuwa nangoja, sitaki kukudanganya, kama mtoto. Nilikwenda kwenye sanduku la barua hata Jumapili ambapo hakuna posta.

Amejibu mstari mmoja. Amesema wewe ni mzee, nikuache upumzike, na yeye alitoka mwenyewe.

Basi. Nimempa mlango wazi kabisa. Ulishakubali kosa badala yake, alichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, sikuona, lundo lilinizuia. Hata hilo halitaki. Alitoka mwenyewe. Ni neno lile lile la kaburini, na mtu asemaye neno moja miaka yote hii bila kulibadilisha, nadhani inabidi nimwamini.

Jumatatu napeleka kadi za harusi zikachapishwe. Jina lako litakuwa kwenye nafasi ya babu. Kaisa ameshaandika maneno atakayokuambia mbele ya watu na amekataa kunionyesha. Usimvunje moyo kwa unyenyekevu wako, Mjomba. Wewe umekuwa baba yangu tangu siku ile, sote tunajua.

Ila kuna kitu kimoja hakiniachi. Wewe ulikuwa chini siku ile, na wale akina mama wa kahawa, kwa hiyo huwezi kunisaidia. Dereva wa lori alisema gari lilichomoka tu nyuma ya theluji. Hakuna mwingine aliyeona. Laiti ningempata mtu mmoja aliyekuwepo. Ningemuuliza kile kile nilichomuuliza baba. Alisimama?

Kama alisimama, basi mimi nimemfanyia mtu asiye na kosa kitu ambacho sijui nitakiombea msamaha vipi. Kama hakusimama, nakuomba usiniandikie tena habari zake, tufunge ndoa ya mtoto kwa amani.

Nakupenda.

Lorna


Kivela
29 Machi 2009

Lorna,

Alisimama.

Usipeleke kadi. Kama umeshapeleka, wapigie simu wasimamishe mashine, kisha urudi umalizie barua hii.

Sikuwa chini na akina mama wa kahawa. Nilikuwa kwenye kona, juu ya trekta. Nimeandika barua hii na kuichana siku nne mfululizo. Nakala ya hii ninayoimaliza inakwenda Duluth kwa posta ya kesho, kwa sababu baba yako amenikataza kukuambia nitakayokuambia, na kwa sababu mwishoni kuna jambo ambalo yeye mwenyewe halijui.

Ilikuwa Jumamosi, yalikuwa maziko ya Lempi Harju. Theluji ilianza asubuhi kutoka ziwani, ile nzito ya kubonyea, na gari la maiti lilikuwa linatarajiwa baada ya saa sita. Nilitaka uwanja uwe mweusi kabisa, lami tupu, litakapofika. Hakuna aliyenituma kuufanya mweusi. Ningeweza kusafisha njia ya katikati tu, na Waino aliniambia hivyo kwa lugha yake. Alitoka mlangoni na kijiko cha kahawa mkononi akanipigia kelele, "Mwalimu, Lempi haji kukagua!" Nikampungia arudi ndani.

Mama yako na baba yako walileta mkate. Walikuwa wanarudi nyumbani kuchukua birika kubwa. Mimi nilikuwa nimetoka kusukuma mzigo mkubwa kuliko yote ya siku ile. Nilikuwa nimeinua sanduku, nimepanda nao, magurudumu ya mbele yamekwea mguu wa lundo na pua ya trekta iko juu. Pale juu nilikuwa mrefu kuliko lundo. Mtu aliyekaa pale, akigeuza shingo kushoto, aliiona barabara mpaka kwenye mteremko wa kiwanda cha kupasua mbao. Baba yako alilijua hilo. Kila mtu alilijua. Wengine walikuwa na mazoea ya kunitazama kabla hawajatoka, na mimi nilikuwa na mazoea ya kuwaashiria, na nilipenda kazi ile. Mwalimu mkuu mstaafu, anaelekeza magari.

Gari lao lilifika mdomoni mwa uwanja likasimama. Lilisimama kabisa, Lorna. Taa za nyuma zilikuwa nyekundu. Alishusha kioo, kama mama yako alivyokufundisha wewe, na nadhani mama yako ndiye aliyemfundisha yeye pia. Alitoa kichwa, akasikiliza. Kulikuwa na ngurumo ya trekta yangu, asingesikia kitu. Akangoja. Halafu akageuka akanitazama.

Tatizo ni kwamba alikuwa amesimama pale pale nilipohitaji kurudi nyuma. Nisingeweza kushuka kwenye lundo bila kumgonga. Uwanja ulikuwa bado una mstari mmoja mweupe upande wa mlango, gari la maiti linakuja, na shemeji yangu, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na haraka, siku hiyo moja alikuwa ameamua kuwa mwangalifu nyuma ya trekta yangu. Nilikasirika. Nilipunga mkono. Sikuupunga kama mtu anayesema njia ni salama. Niliupunga kama unavyofukuza kuku kwenye shamba la maharage.

Aliuona kama ishara. Angeuona vipi vingine? Alinishukuru kwa kichwa. Mama yako, upande wa pili, aliinua mkono wake wenye glovu ya bluu akanipungia, kwa tabasamu, na wakatoka.

Sauti ya lori ilinifikia kabla sijaona. Sikukimbia kwao. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote duniani na sikukimbia kwao. Nilishusha trekta, nafasi sasa ilikuwepo, nikaizungusha nyuma ya kanisa, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikatundika koti. Mtu alikuwa amemimina kahawa akaiacha. Niliichukua. Watu walipopiga kelele kule mbele nikatoka nao, kikombe mkononi, na polisi aliponiuliza nilikuwa wapi nilikitazama kikombe nikamjibu. Ndipo nilipouona ufito, nilipopita naye.

Baba yako alikuwa amekaa chini na kichwa cha mama yako mapajani. Alininyanyulia macho, akaona kikombe. Akaelewa nilichokuwa nimeamua, na palepale, akiwa vile, akaniachia. Polisi alimuuliza ilikuwaje, akasema, "Nilitoka tu." Wewe ulipomuuliza kaburini, mimi nikiwa nimesimama nyuma yako nimekushika bega, alikujibu vilevile. Hakuwa anazitazama bure zile ngozi za viatu vyake. Alikuwa anakwepa kunitazama.

Mwite. Mwite baba yako kabla hujamaliza kusoma, kama unaweza. Ananyolewa vizuri siku zote, atafaa kwenye picha. Atakataa mara ya kwanza. Mwite tena. Mimi sitakuwepo kanisani Juni, hata kama nitakuwa hai. Usimtume Kaisa kunibembeleza.

Sasa lile la mwisho, ambalo Rudy halijui. Amenisamehe, Lorna. Ameniandikia mwezi huu kwamba hajanilaumu hata siku moja, kwa sababu anaamini niligeuza shingo, nikatazama, na theluji ya ziwani ikanifichia lori kama ambavyo ingemfichia yeye. Anaiita makosa ya macho. Ameishi na msamaha huo miaka yote hii, na mimi nimeupokea na kuutumia, hali najua haukuwa na kitu chini yake.

Mkono ulipokuwa hewani mimi nilikuwa natazama nyuma, kwenye kioo, nikingoja gari lake liniondokee. Barabara sikuitazama kabisa.

Onni Rautiola